Niliulizwa Kwetu ni Wapi

Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi iliyopita nilimzika mume wangu, Aloyce. Pamoja naye nilizika nafasi yangu ya kuwa Mtanzania, ingawa hilo nililithibitisha baada ya matanga.

Nina miaka arobaini na saba. Shule niliishia darasa la nane, kwetu Taveta, upande wa Kenya. Aloyce alinioa nikiwa msichana, akanileta Rombo, juu kidogo ya mji wa Mkuu, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la ukoo. Nimepalilia kahawa hapo, nimekata majani ya ng'ombe, nimewauguza wakwe zangu hadi wakafa mikononi mwangu. Mtoto hatukujaliwa.

Miaka yote niliishi kwa kibali. Nilipomtajia Aloyce habari za uraia alicheka.

"Mwanamke aliyekunywa kisusio akaomba bakuli la pili, anadaiwa karatasi gani tena?"

Nami nikacheka. Ile supu ya damu ya mbuzi niliipenda kweli...

Kisha figo zikaanza kumsumbua, na sasa yeye ndiye akawa ananihimiza. Ofisini Moshi tulielezwa vizuri: mke wa Mtanzania ana njia yake ya kuomba, lakini mume awe hai. Akifa, njia hiyo imefungwa. Uraia wa Kenya ningeukana, na nilikuwa tayari.

"Basi tukimbie," Aloyce akasema tukitoka, "ingawa mimi sikimbii tena vizuri."

Tulipeleka ombi, na kamati ya kata iliponiita kunihoji, Aloyce alikuwa amelazwa. Shahidi wa ukoo alikuwa Deo, mdogo wake, niliyempikia tangu akiwa mwanafunzi. Mwenyekiti akamwuliza kama mimi ni mtu wa hapa. Deo akatabasamu.

"Shemeji ni mtu mzuri, wazee wangu. Ila hata mwenyewe husema kwao ni Taveta."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli, mama? Kwenu ni wapi?"

Ningesema nini? Mwanamke akiolewa, kwao si palepale alipozaliwa? Mke wa mwenyekiti mwenyewe ni wa Marangu, na akienda kuwaona wazazi husema anakwenda kwao. Sikuweza kudanganya.

"Kwetu Taveta, mzee."

Katibu akaandika. Wakaamua ombi lisubiri, hadi ukoo uje kuthibitisha kwamba hapa ndipo ninapokusudia kuishi.

Nikamwomba Deo arudi akafafanue. Akasema Jumatatu. Jumatatu akasema ana ng'ombe mgonjwa. Juma lililofuata alikuwa Sanya Juu, mnadani. Niliwaendea wazee wengine wa ukoo, nikawaamkia shikamoo, nikawaomba. Wakasema msemaji wao ni Deo, hawawezi kumruka. Huku nyuma Aloyce alikuwa akivimba miguu, na kila nikifika wodini swali lake lilikuwa moja: "Wameshakubali?"

Alikufa akiuliza.

Baada ya matanga nilirudi Moshi. Afisa alinipa pole na kiti. Kisha akasema kwamba nikitaka, nianze upya kama mgeni mwingine yeyote.

Nilimweleza Deo. Hakushangaa hata kidogo.

"Pole, shemeji. Basi kihamba nitakiangalia mimi. Sheria hairuhusu mgeni kurithi ardhi."

Alikuwa ameshaulizia! Ndipo nilipoelewa ugonjwa wa yule ng'ombe.

Wanawake wenzangu mlioolewa ng'ambo ya mpaka, nawasihi. Msingoje ugonjwa ndipo mkaombe. Ombeni wakati mume bado anapanda mlima akiimba. Msiegemee vicheko vya wakwe, wala bakuli la pili. Unaweza kupendwa katika nyumba miaka ishirini na kitu, na bado siku moja ukahesabiwa mgeni kwa neno lako mwenyewe.

Juzi asubuhi nilimwona Deo akija na fungu la masale, ule mmea wa majani marefu. Huku kwetu mtu akikujia na sale mkononi anakuomba msamaha, na huwezi kumkatalia. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikasimama mlangoni. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kumsamehe...

Alinisalimia, akanipita. Akaanza kuyapanda kwa mstari kati ya mlango wangu na kaburi la Aloyce, kama yanavyopandwa kwenye mpaka wa mashamba.