Kipande cha Asiye na Kiti

Clémence alikuwa akikanda unga wa keki ya sikukuu ya Wafalme, wale mamajusi wa Betlehemu, siagi imempanda hadi viwikoni, Perrine mtumishi aliporudi kutoka sokoni na kikapu kitupu.

"Madamu, wamemtoa mtoni. Mji mzima uko darajani, utadhani kuna gwaride."

"Wamemtoa nani?"

Perrine alishusha sauti. "Yule wa bwana. Kafa maji."

Rouen nzima ilijua kwamba kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni, mchoraji Anselme hakupatikana kwake, bali kwa Léonie. Clémence alijua pia, na hakuuliza. Mumewe alimchora Léonie miaka minne; mkewe hakuchorwa hata sikio. Picha moja aliitundika kwenye chumba cha kulia: Léonie ndani ya beseni, mgongo wazi, uso hauonekani. Chini ya mgongo ule Clémence alipakua supu kila jioni. Kitu kimoja tu hakunyang'anywa: kiti chake mezani.

"Rudi ukanunue mayai," alisema, akaendelea kukanda.

Saa kumi na moja Anselme hakuwa na pa kwenda. Alikaa mezani, kofia magotini. Ndipo ikaja harufu ya marashi ya urujuani, ileile ambayo Clémence aliifua kwenye mashati ya mumewe, ila sasa ilikuwa na tope ndani yake. Sakafuni palikuwa na maji. Aliyafuta, yakarudi, akayafuta tena, na kila alipoinama aliona wazi zaidi kwamba hayakumwagika bali yalikanyagwa, nyayo ndogo za mtu asiye na viatu zikianzia ukutani chini ya picha na kuelekea mezani, na alipoinua macho, pichani beseni lilikuwapo, taulo lilikuwapo, mgongo haukuwapo.

"Anselme," alinong'ona. "Umeigusa picha?"

Hakuinua kichwa. "Aliniomba jambo moja tu, Clémence. Ale hapa chakula cha jioni, siku moja, kama watu. Nikamcheka."

Saa moja walikaa. Binti yao mdogo Ninette, mwenye miaka mitano, aliingia chini ya meza, kwa kuwa sikukuu hiyo mdogo wa nyumba ndiye hutaja kila kipande ni cha nani, asionekane mtu kapendelewa. Walikuwa wanne, pamoja na Odile, binti mkubwa. Clémence alikata vitano; cha ziada huwekewa maskini atakayebisha hodi. Lakini hasira yake ilizidi woga.

"Na hiki ni cha asiye na kiti. Akikitaka, aje akichukue."

Mlangoni Perrine alipiga ishara ya msalaba. "Madamu! Hicho ni cha maskini, hakiitiwi wafu!"

"Nyamaza. Ninette, hiki cha nani?"

"Cha Odile." Dada yake alipokea sahani.

"Na hiki?"

Clémence aligonga ubao wa meza.

"Ninette, acha mchezo, chakula kinapoa."

"Nahesabu miguu, Mama. Baba miwili. Odile miwili." Sauti ya mtoto ikafifia. "Wewe minne."

Odile aliweka sahani yake chini.

"Miwili haina viatu."

Baridi ilipenya sketi ya Clémence, ikatulia mapajani kama mtu anayejiweka sawa kitini. Mbele yake, Anselme alikuwa akitazama juu kidogo ya bega lake, na machozi yalikuwa yakimtoka.

Clémence alivuta kile kipande cha tano, akakiweka kando ya sahani yake.

"Toka huko, mwanangu, ukae kwako," alisema. "Kuleni. Wote tumefika."