Puleng na Sechaba Wasomea Leseni ya Redio

Sechaba alikuwa fundi wa redio huko Mokhotlong, katika milima ya Lesotho. Mke wake, Puleng, alikuwa mshonaji. Kila alasiri Sechaba aliwasha mtambo alioutengeneza mwenyewe, akaongea na watu wa mbali.

"Leo nimempata mtu wa Botswana!" alisema.

"Mimi niko hapa hapa na hunisemeshi," Puleng alimtania.

Siku moja ikaja barua ya serikali. Sechaba alikuwa akiongea hewani bila leseni. Asipoacha, mtambo utachukuliwa.

Sechaba akauzima. Tangu siku hiyo hakutania tena, hata chakula kilimshinda. Puleng alimwonea huruma, akaenda kwa jirani yao, mwalimu Nthabeleng, aliyekuwa na waya mrefu wa redio juu ya paa.

"Mwalimu, mbona wewe huandikiwi barua?"

"Mimi nina leseni, mama. Hewani ni kama barabarani. Kila mtu akijiendea tu, watu watagongana. Sauti ya mumeo inaweza kuingilia mawasiliano ya ndege au ya polisi."

"Sasa sisi leseni tutaipataje? Hatumjui mtu huko serikalini."

"Ndiyo maana tuna chama cha taifa cha redio ya ridhaa. Ridhaa maana yake hatulipwi, tunafanya kwa kupenda. Chama kinafundisha, kinatayarisha watu kwa mtihani, na kinatusemea serikalini. Njooni Jumamosi."

Sechaba aliposikia, akatikisa kichwa. "Mtihani? Na mvi hizi?"

"Basi nitaenda mimi. Wewe baki na kuku."

Jumamosi wakajifunga mablanketi yao mabegani, kama ilivyo desturi ya huko, wakaenda wote wawili.

Walisoma miezi mitatu. Sechaba alimweleza Puleng mambo ya umeme. Puleng alimsomea kanuni, naye akasinzia. Matokeo yakatoka. Puleng amefaulu. Sechaba ameanguka.

"Miaka thelathini nashika redio!" Sechaba alilalamika.

"Kila nikikusomea kanuni, unakoroma," Puleng alisema, akimpapasa bega. "Utarudia."

Chama kikamwazima Puleng redio nzuri.

Kisha theluji kubwa ikaanguka. Barabara ikafungwa na simu zikakatika. Mwalimu Nthabeleng alikuwa Maseru, mji mkuu. Asubuhi muuguzi wa zahanati akaja mbio.

"Mama Puleng, mzee Lekhooa ana ugonjwa wa sukari. Dawa yake imebaki ya leo tu!"

Puleng akawasha redio. "Je, nikikosea?"

"Bonyeza, sema polepole, kisha achia," Sechaba alimnong'oneza. "Niko nawe."

Puleng akaita. Kimya. Akaita tena.

"Puleng, nimekupata!" Ilikuwa sauti ya mwalimu.

Puleng akataja jina la dawa, kijiji na mgonjwa. Wanachama wakapokezana ujumbe mpaka hospitali kuu. Kesho yake asubuhi helikopta ikatua karibu na zahanati, na mzee Lekhooa akapata dawa yake.

Majira ya machipuko, Sechaba alirudia mtihani. Safari hii hakusinzia. Akafaulu.

Puleng akampisha kwenye kiti. "Haya, baba, sasa ongea kihalali."

Sechaba akakohoa kidogo, akabonyeza, akaita. Sauti ya mbali ikajibu:

"Karibu hewani! Wewe ni nani mwenzetu?"

Sechaba akamtazama mkewe, akatabasamu.

"Mimi," alisema, "ni mume wa Puleng."