Sufuri Iliyoliwa na Kompyuta

Mtoto alikuwa chali kitandani, midomo imevimba, ameshakata roho. Mama yake kamng'ang'ania mguu, hataki kumwachia mtu.

"Nani alimchoma sindano?" Inspekta aliuliza.

"Mimi, afande." Muuguzi akasogea mbele. "Kompyuta ilisema penisilini haimdhuru."

"Inamdhuru!" mama alilia. "Niliwaambia, wakaandika kwenye kompyuta nikiona!"

Inspekta akasoma skrini: jina la mtoto, lakini majibu kuhusu dawa zinazomdhuru ni ya mzee mmoja wa wodi ya wanaume. Mtoto namba yake 0412. Mzee, 412. Hospitali hiyo namba za watoto zilianza na sufuri.

Akamwita karani.

"Mimi napakia tu faili la Excel la wagonjwa kwenye tovuti ya hospitali," karani alijitetea. "Excel ndiyo inakula sufuri za mbele, 0412 inabaki 412."

"Tovuti haikatai?"

"Zamani ilikataa, inaandika maneno mekundu. Siku hizi inameza chochote, kama mlevi."

Fundi wa tovuti akaletwa ofisini.

"Nani aliondoa ukaguzi wa mafaili?"

"Labda ni hitilafu..."

"Kijana, usinizungushe. Mabadiliko yana jina lako."

Fundi akainamisha kichwa. "Ni mimi, afande."

"Sababu?"

"Faili likikataliwa, karani ananipigia. Akikata, mganga mkuu. Niko bafuni, niko msibani, simu inalia. Nikaona bora tovuti ipokee kila kitu, simu inyamaze."

"Ulijua sufuri zinaliwa?"

"Nilijua. Kila siku nasema nitarekebisha kesho."

Basi roho ya mtoto ilikwenda hivyo, ili simu ya mtu inyamaze. Inspekta akamtia pingu, lakini moyo haukutulia.

"Watoto wengine je?"

"Kila mwenye namba inayofanana na ya mkubwa, majibu yake yamefunikwa na ya mkubwa huyo. Ni wepi, sijui."

"Mafaili ya mwanzo?"

"Tovuti inayafuta yakishaingia. Niliipanga hivyo, nafasi isijae. Na nakala za karani sufuri zimeshaliwa."

Mlango ukafunguliwa. Ni yule muuguzi, macho mekundu.

"Afande, kuna mtoto mwingine, hana fahamu. Kaletwa na jirani, wazazi hawapatikani. Daktari anasema bila penisilini hafiki jioni. Kompyuta inasema haimdhuru. Nimchome, nisimchome?"

Inspekta akamgeukia fundi. Fundi akafunika uso kwa mikono yenye pingu.