Mashine Iliyozuiwa Kufa

Ijumaa jioni Wabwire alifunga kibanda chake cha kutengeneza kompyuta pale Kawangware, akashika njia ya Kibera. Alikuwa anaenda Mashimoni, kijiji kimoja cha huko, kuangalia mashine moja tu, kisha arudi ale chakula chake. Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya marehemu mkewe, Kavetsa.

Kavetsa alikuwa na duka dogo la kuchapa barua na kutoa kopi. Mwezi wa sita pumu ilimbana humo humo dukani, akiwa peke yake, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Alimpigia mumewe mara mbili. Wabwire alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea, akasema moyoni atampigia akimaliza. Alimaliza. Alipopiga, simu ilipokelewa na mtu mwingine.

Tangu mazishi, kompyuta ile ikawa inakufa kila jioni saa hiyo hiyo, kisha inajiwasha yenyewe bila kuacha hata neno moja la kueleza kilichoiua. Majirani walinong'ona. Wabwire aliwacheka, fundi wa miaka kumi na mitano hatishwi na kompyuta. Alijua kwamba mashine ikijiwasha upya husahau kila kitu, na hapo ndipo ushahidi hupotea. Basi Jumatatu mchana aliiunganisha na laptop yake kwa waya, akaweka dibaga, yaani programu inayoudaka moyo wa mfumo pale pale unapopata kosa la kuua. Maana yake ni hii: ukifa, usianguke. Simama hapo ulipo, na ulichoshika endelea kukishika, mpaka mimi niseme endelea. Kisha akarudi zake Kawangware, kazi zikamzonga.

Ijumaa hiyo alimkuta Mercyline, mdogo wa Kavetsa aliyeachiwa duka, amekaa nje juu ya ndoo aliyoigeuza. Mlango ulikuwa wazi. Hakuonyesha nia yoyote ya kuingia.

"Hiyo mashine yako imenishinda, shem," alisema polepole. "Tangu Jumatatu haijazima, haijawaka. Na kuna mtu ndani anavuta pumzi."

Wabwire alimwambia hiyo ni feni.

"Nilikupigia Tuesday. Nikapiga tena jana. Hukushika."

"Niliona," alisema. "Nilikuwa na kazi."

Aliingia. Alipokewa na harufu ya dawa ya kusugua kifua, ile ile iliyokuwa ikilala kwenye mto wao. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimeganda, na saa yake ya pembeni ilisimama Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika ishirini. Halafu akaisikia.

Hhhhhh...

Pumzi inayovutwa kwa shida, na filimbi nyembamba kooni. Inavutwa tu. Haitoki.

Aliweka kiganja kwenye feni.

Imesimama.

Akaketi mbele ya laptop, akaiamuru dibaga imwonyeshe kilichomo kwenye kumbukumbu ya mashine. Tarakimu zilipita safu kwa safu, kisha katikati yake zikatokea herufi saba. WABWIRE. Akajiambia ni barua fulani aliyoichapa Kavetsa zamani. Akasoma tena mahali pale pale. Mashine iliyosimamishwa haiwezi kuandika kitu. Ndiyo maana ya kuisimamisha.

WABWIRE PUMZI

"Kavetsa," alinong'ona. "Ulinipigia uniambie nini?"

Akasoma tena.

PUMZI PUMZI PUMZI

Mercyline alikuwa amefika kizingitini. "Shem, ulimwita? Ile siku ya kumchukua?"

Kwao ilikuwa lazima. Mtu akifia mbali, kabla ya mwili kusafirishwa, mwenzake husimama mahali alipokata roho, akamwita kwa jina na kumwambia inuka, twende nyumbani. Wabwire aliwaambia wazee amefanya. Hakufanya. Alifika mpaka mlangoni pa duka akashindwa, kwa sababu alijua Kavetsa akiambiwa aende, ataenda. Alimpenda, na hakutaka aende popote.

"Sikumwita," alisema.

Hapo ndipo alipoelewa, kama mambo haya yanaeleweka. Kila jioni Kavetsa alijaribu kuondoka peke yake, akashindwa, akaanza upya. Ilikuwa dhiki, lakini ilikuwa dhiki ya dakika moja. Yeye alikuja na waya wake akamkamata katikati ya pumzi ya mwisho, akamwacha hapo siku nne, mwanamke ambaye hata nusu dakika bila hewa ilimshinda. Siku nne hizo alikuwa akibadilisha vioo vya laptop za watu.

Na bado kidole hakikwenda kwenye kitufe cha kuiachia mashine. Asiyewahi kufiwa asimcheke. Asipobonyeza, mkewe yupo. Anateseka, lakini yupo.

Pumzi ilipanda juu zaidi, ikawa nyembamba kama uzi...

"Tafadhali, shem." Mercyline alikuwa analia. "Anaumia."

Wabwire alisimama. "Kavetsa, inuka," alisema. "Twende nyumbani, Funyula. Nimekuja kukuchukua." Akabonyeza herufi moja, ile ya kuiruhusu mashine iendelee na kifo chake.

Pumzi ikatoka.

Ilitoka ndefu, ya moto, ikampita shavuni, ikalisukuma pazia la mlangoni mpaka nje. Kioo kikawa cheusi. Mashine haikujiwasha tena, jioni hiyo wala nyingine.

Lakini mashine ikifa hutuma neno lake la mwisho kupitia waya, na neno hilo lilikuwa limefika kwenye laptop. Wabwire alilisoma, akaifunga haraka kabla shemeji yake hajasogea.

"Amesema nini?" Mercyline aliuliza.

"Amesema anaenda."

Lilikuwa limeandikwa ULIKUWA WAPI.

Laptop ile hajaifungua hadi leo. Kila jioni, ikifika saa kumi na mbili na dakika ishirini, huacha kazi yoyote aliyo nayo, huweka simu mbele yake na kungoja. Hapigiwi na mtu.