Sauti Ndani ya Televisheni ya Nyawira

Televisheni ilikuwa na joto, na waya wake ulikuwa umekunjwa juu ya kabati tangu juzi.

Gachau aliondoa kiganja haraka. Ilikuwa ya zamani, yenye mgongo mkubwa, aliyokuja nayo mkewe Nyawira walipooana. Iliharibika Nyawira alipolazwa na homa ya mapafu. Baada ya mazishi, nyumba yao ya Mugutha ilibaki na yeye na mama mkwe, Wangechi, wawili ambao hawakuwa na la kuambiana. Gachau alikuwa fundi wa mabomba, ya umeme hakujua lolote, lakini alitaka kitu cha Nyawira kiongee tena. Akaenda mtaa wa Landless, Thika, kwa Akello, fundi wa televisheni, amfunze.

"Hii kitu inaua hata ikiwa imezimwa," Akello alimwambia. "Stima inabaki kwa kioo. Chomoa waya, ngoja. Chukua bisibisi ya mpini wa plastiki, uiunge na waya kwa fremu ya chuma, halafu uisukume chini ya hii kofia ya mpira mpaka ilie. Ngoja tena, urudie, kwa sababu charge, hiyo stima iliyobaki, hurudi. Na mkono mmoja ukae nyuma ya mgongo. Ukiingiza yote miwili, stima inapitia kwa moyo."

Sasa alikuwa chumbani, amefungua kifuniko cha nyuma. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Kati ya vumbi na nyaya ikatoka harufu ya mafuta ya nazi, yale ya nywele za Nyawira.

"Gachau wakwa."

Ilikuwa sauti ya Nyawira; hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo, Gachau wangu. Gachau alikaa sakafuni akalia kama mtoto.

Akawa anatoroka kazi mchana kuja kumsikiliza. Sauti ilimuuliza kama amekula, ikacheka kicheko kile kile. Halafu ikaanza kumwomba aingize mikono. Siku hiyo alimpigia Akello simu.

"Kuna mtu anaongea ndani yake," alinong'ona.

"Aliyenifunza hii kazi aliitwa hivyo kutoka ndani ya televisheni na mtoto wake marehemu. Tulimpata amekufa, ameikumbatia. Hiyo ni jini, Gachau. Toa charge."

"Lakini ni sauti yake."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia usiijibu."

Gachau alirudi chumbani na bisibisi. Aliunga waya kwenye fremu, akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo.

"Huku ni baridi," sauti ilisema. "Weka mikono yote miwili, unishike."

Na mkono wa kushoto ukaanza kutoka mgongoni wenyewe, polepole, huku ile harufu ikizidi mpaka akaionja mdomoni, na kioo kikinguruma kama kifua kilichojaa maji, kama kifua cha Nyawira wadini usiku ule wa mwisho, na vidole vyake vikisogea karibu, karibu zaidi, mpaka malaika ya mkono yakasimama, ndipo akamkumbuka Nyawira mwenyewe, mwoga wa stima kupita watu wote, aliyekuwa akimpiga kofi mkononi kila akigusa swichi na mikono yenye maji ya sabuni, akifoka, "Unataka kuniacha na nani?"

Nyawira hangemwambia ashike.

Alirudisha mkono nyuma, akasukuma bisibisi chini ya kofia ya mpira. Ikalia kama fimbo inayovunjika. Ndani, mtu akakohoa na kupiga kelele.

Gachau alingoja. Sauti ikarudi, nyembamba sana.

"Mbona unaniua tena?"

Akarudia. Safari hii ulikuwa mlio mdogo tu. Harufu ikaisha. Televisheni ikapoa.

Alipofungua mlango alimkuta Wangechi kwenye kigoda, sikio karibu na ukuta, amejifunga kitambaa chake cha kanisani.

"Maitu, mama yangu, umekuwa hapa?"

"Kila siku ukienda kazi, mimi hukaa hapa."

Gachau alipiga magoti mbele yake. "Maitu, haikuwa yeye."

"Najua," Wangechi alisema. "Nilimzaa mimi. Ningekosaje kujua?" Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Lakini ilikuwa na sauti yake, Gachau. Ungeniita kwanza, nimuage mtoto wangu."