Dawa ya Nice Si ya Kugawana

Jumanne ilikuwa siku ya Melania kuzunguka kijiji cha Kirushya. Alifunga mfuko wa kadi za wagonjwa nyuma ya baiskeli. Vilima alipanda kwa miguu akiikokota, na mteremko alishuka ameshikilia breki. Alikuwa mfanyakazi wa Chama cha Tuinuane. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wenye kifafa na kuona kama wanameza dawa. Watu wengine walimwita "Mama Kifafa." Yeye aliitika tu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi wavuke mpaka. Siku hiyo alikuwa hajafika kwa Gaspari aliposikia kelele.

"Msimguse! Atawaambukiza!"

Aliiangusha baiskeli kwenye migomba, akakimbia.

Nice, binti wa Gaspari mwenye miaka kumi na moja, alikuwa chini karibu na mafiga. Mwili ulikuwa unakakamaa na kutikisika. Povu lilimtoka mdomoni. Chungu cha maharage kilikuwa kimepinduka. Mama yake, Adelfina, alikuwa akimvuta mguu utoke kwenye moto. Majirani walisimama mbali. Mzee Kazimili alinyoosha kijiko cha mbao, lakini hakusogea hata hatua moja.

"Mtie hiki mdomoni, asing'ate ulimi!"

"Shikamoo, mzee," alisema Melania. "Kaa nacho hicho kijiko."

"Marahaba. Lakini atajikata ulimi!"

"Ulimi hupona. Jino likivunjika haliponi, na kijiko kinaweza kumziba pumzi."

Alisukuma kuni mbali. Aliweka kitenge chini ya kichwa cha Nice. Hakumshika mikono wala kumkandamiza. Mtikisiko ulipotulia, alimlaza ubavu ili mate yatoke nje. Kisha akalifuta povu kwa kiganja chake, watu wote wakiona.

"Mmeona? Haliambukizi. Lingekuwa linaambukiza, ningekuwa nimewamaliza wote hapa, maana hata mimi limewahi kunitoka."

Mzee Kazimili alikohoa, akaketi.

"Sikilizeni," Melania aliendelea. "Mtu akitikisika zaidi ya dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mbio. Isipokuwa hivyo, mlindeni asiumie, mngoje."

Nice alifumbua macho. "Mama, nimeanguka tena?"

Adelfina alimpangusa vumbi usoni. Ilikuwa imepita miezi minane bila mtoto kuanguka. Alikuwa amerudi shuleni.

Gaspari alifika kutoka shambani, jembe begani. Alimtazama mtoto, akatazama moto.

"Basi," alisema. "Shule basi, dawa basi. Kesho nampeleka kwa mganga."

"Baba Nice, niache niulize kwanza," alisema Melania. "Vidonge viko wapi?"

Adelfina alileta kopo polepole. Melania alilifungua. Vidonge vilikuwa vimekatwa nusu nusu kwa kisu.

"Nani amevikata?"

Adelfina aliinamisha kichwa. Nice ndiye aliyejibu: "Nusu nyingine anakunywa Kwizera."

Kwizera alikuwa mtoto wa Iradukunda, mama mkimbizi waliyempa kibanda nyuma ya nyumba.

"Alikuja hana kitu," alisema Adelfina. "Nikampa mkeka. Nikampa ndizi. Halafu mtoto wake akaanguka hapa uani, vilevile kama wangu. Kwetu mgeni hanyimwi. Wewe ungemnyima?"

Melania hakukasirika. Na yeye alizaliwa Kirushya.

"Moyo wako ni mzuri, mama Nice. Lakini sasa wote wawili wanaumwa. Nice alipimwa uzito, akaandikiwa kiasi chake. Nusu haimtoshi. Na dawa hii ukiipunguza ghafla, kifafa kinarudi kwa nguvu. Kwizera naye hajapimwa. Hatujui kinachomfaa."

"Kumbe si dawa iliyoshindwa," alisema Gaspari.

"Iliyoshindwa ni nusu."

Iradukunda alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, anasikia yote. "Kambini nilimficha," alisema. "Nani angekubali kulala nasi hema moja? Ndiyo sababu nikaondoka. Nikimwandikisha, watajua."

Melania alikunja mkono wa blauzi. Kovu la moto lilipanda kutoka kiwiko hadi begani.

"Mimi nilifichwa hivyohivyo. Nikaungua ndani, peke yangu. Sasa namaliza mwaka wa tano nameza dawa kila jioni, na sijaanguka. Kesho ni kliniki. Twendeni wote."

"Na Nice akianguka tena wiki hii?" aliuliza Gaspari.

"Anaweza kuanguka. Dawa huchukua majuma kadhaa kukaa sawa mwilini. Msiache. Nipe miezi mitatu."

"Mitatu. Minne sikupi."

Asubuhi walikwenda. Anatoli, karani wa chama, alimtazama Iradukunda, akafunga daftari.

"Dada Melania, hili ni daftari la wanakijiji. Dawa zikiisha je?"

"Zikiisha tutaomba nyingine. Mwenyewe yuko mbele yako, Anatoli. Wewe ukimrudisha, usiku wa leo watakata tena vidonge vya mwenzake. Sitoki hapa."

Aliketi kwenye benchi. Anatoli aliguna. Akafungua daftari.

Daktari alimpima Nice upya, akamsisitizia Adelfina dozi kamili. Kwizera alipimwa uzito, akapewa vidonge vyake na kadi yenye jina lake.

Wiki ya kwanza Nice alianguka mara moja. Gaspari ndiye aliyemlaza ubavu, akakaa naye mpaka akazinduka. Hakumtaja mganga. Mwezi wa pili mtoto hakuanguka. Wa tatu pia hakuanguka. Jumatatu moja Gaspari alimwamsha mapema mwenyewe.

"Amka. Kengele haikungoji wewe."

Nice na Kwizera walitoka pamoja, wakashindana mbio hadi darasani.

Jumanne iliyofuata Melania alimkuta Adelfina kisimani na mama mmoja wa kijiji cha Kibimba aitwaye Ndassa. Ndassa alikuwa anamsihi kwa sauti ya chini. Mwanawe alikuwa akianguka, na alitaka vidonge viwili tu vya kujaribia.

"Sikupi hata kimoja," alisema Adelfina.

Ndassa alishangaa. "Mama Nice! Umekuwa mchoyo lini?"

"Nitakupa miguu yangu. Kesho kliniki iko wazi. Mlete mtoto kwangu kabla jua halijatoka, tutakwenda pamoja. Na ukichelewa, nitakufuata mpaka Kibimba."

Alitwika ndoo yake kichwani. Melania alishika baiskeli yake, akaondoka. Alikuwa na nyumba nyingine sita za kutembelea, na kilima kilikuwa mbele yake.