Taa Nyekundu Imemharibia Binti Yangu Jicho, na Sinyamazi!

Nina miaka sitini na nne, mkazi wa Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba ninayolala nimeijenga kwa asali. Nimerina mwenyewe, nimeuza mwenyewe, sikumpigia mtu magoti. Wasomaji wenzangu, sitaki mnionee huruma... Nataka mnisikie!

Kitinda mimba wangu anaitwa Zuhura, yuko kidato cha tatu. Mwalimu wake alituambia haoni ubaoni. Kitabu cha mkononi anasoma vizuri, lakini mtu akiwa upande wa pili wa barabara hamjui mpaka aseme. Hospitali wakampa miwani. Akavaa, akaona. Ingeishia hapo, leo nisingekuwa naandika...

Mdogo wangu Shabani, tumbo moja nami, akarudi kutoka Dar na kijisanduku chenye matundu mawili ya kuchungulia. Ukiwasha, ndani inawaka taa nyekundu. Akasema mtoto akichungulia asubuhi na jioni, miwani ataitupa.

"Kaka, nani ataoa binti wa miwani?" aliniambia. "Watasema ukoo wetu una upofu."

Mke wangu alikataa. Alisema jicho si simu, halitiwi chaji. Mimi nikamcheka! Mnajua kwa nini? Sisi warina asali tukienda mzingani gizani, tunafunga kitambaa chekundu kwenye tochi. Mwanga mweupe nyuki wanaufuata, wanakuvaa usoni. Mwekundu wanatulia. Nikamwambia, "Mama Zuhura, mwanga usiomchokoza nyuki utamchokoza mtoto?" Nikajiona nimemaliza maneno.

Kumbe nyuki hawauoni tu ule mwekundu! Je, kitu kisichoonwa na nyuki ndiyo kiwe salama kwa binadamu? Lakini nani wa kuniambia wakati ule, mimi bingwa wa mizinga?

Zuhura akaanza kuchungulia. Akalalamika kwamba akifumba macho bado anaona duara. Nikampigia Shabani. "Ndiyo dawa inaingia hiyo, kaka." Baadaye mtoto akasema jicho la kulia lina doa katikati, akinitazama anaona masikio yangu, pua haioni. Shabani akasema aongeze muda!

Hapo mke wangu akamshika mtoto mkono, wakaenda hospitali bila kuniaga. Nikawafuata. Daktari wa macho alikuwa binti wa Kizaramo, mtani wetu kabisa sisi Wanyamwezi, lakini siku hiyo hakutania. Alisema mwanga umeunguza nyuma ya jicho, pale pale jicho linapoonea. Akasema ni kweli wapo madaktari wanaotumia mwanga mwekundu kupunguza kasi ya ugonjwa huu wa kutoona mbali kwa watoto, lakini kwa mashine iliyopimwa, na macho yanakaguliwa kila mara. Na hata hao hawamwambii mtu atupe miwani. Kijisanduku chetu nani aliijua nguvu yake?

Nikamuuliza, litapona? "Mzee wangu, linaweza kurudi kidogo. Lote siwezi kukuahidi."

Limerudi kidogo... Doa lipo hadi leo.

Sasa sikilizeni lililonichoma zaidi. Shabani naye ana binti asiyeona mbali. Nikakimbilia kwake Isevya kumwonya. Nikamkuta yule binti uani anachambua mchele, miwani usoni. Nikamuuliza, mwanangu, taa yako iko wapi?

"Baba alinikataza nisiziguse, baba mkubwa. Alisema hizo ni za kuuza."

Za kuuza! Mwanawe zisimguse, mwanangu achungulie!

Wazee wa ukoo wakaniita. Wakataka mambo ya ndani yaishe ndani, nisamehe, isomwe dua, tule pilau. Shabani amekaa mkekani anajifuta machozi. "Kaka, watu watatucheka."

Nikasimama. "Wacheke! Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, mimi nishindwe kubeba kicheko? Hebu sema, taa hizo umeuza nyumba zipi hapa mjini?"

Akageukia wazee wamtetee. Nikawaachia pilau yao.

Nilizitafuta nyumba hizo mwenyewe, nikabisha hodi, Zuhura ubavuni na miwani yake. Wapo walionifungia mlango. Mama mmoja aliniita mchawi ninayemwonea ndugu yangu wivu. Lakini wengine walimsikiliza mtoto, wakaenda ndani, wakarudi na zile taa wakanikabidhi. Shabani hanisalimii tena. Asinisalimie!

Ndugu zangu, mtoto haoni mbali, mpeleke kwa daktari wa macho. Akipewa miwani mvalishe, atembee kifua mbele. Atakayemkataa kwa sababu ya miwani, hakuwa mume huyo. Na ukiletewa taa ya mkobani, hata na mtu mliyenyonya ziwa moja, usimuulize inaponya nini. Uliza kama mwanawe anaitumia. Na usimuulize yeye. Muulize mtoto!